Ethiopia pamoja na mama: jibu kwa mwalimu wa Mwanza

"Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Mwanza. Mama yangu ana miaka 66, ana presha na anatumia dawa kila siku, ila anatembea vizuri na bado analima. Tangu nikiwa mdogo anasema kabla hajafa atasali Krismasi kwenye makanisa yaliyochongwa ndani ya mwamba kule Ethiopia. Mimi nafundisha baiolojia, na nimesoma kwamba huko kuna mbwamwitu wa milimani ambao hawapo popote pengine duniani. Tuna siku 12, kuanzia tarehe 28 Desemba. Ndugu wanatukatisha tamaa: eti tunakwenda jangwani kwenye njaa na vita, chakula chao kichachu hakiliki, hata saa na tarehe zao hazieleweki. Mwingine kasema mama atakosa hewa. Twende au tuache?"

Mwalimu, kwanza nifikishie shikamoo kwa mama. Swali lako nimelisoma mara mbili, maana ndani yake yamo maswali manne: kama nchi yenyewe ndiyo hiyo ndugu wanayoisimulia, kama mwili wa mama utahimili, kama makanisa ya Lalibela yanafikika, na kama mtaweza kula na kusikilizana na wenyeji. Nendeni. Lakini msiende kwa ratiba mliyo nayo kichwani sasa, na msikate tiketi kabla daktari hajamwona mama.

Nimewapeleka watu wengi Ethiopia, na kosa ninaloliona kila mara ni moja. Msafiri huipanga nchi ile kwa kilomita, wakati inatakiwa kupangwa kwa mita za kupanda na kushuka. Ukishaushika mwinuko, mambo mengine yote yanajipanga yenyewe: mvua, wanyama, mkate, mashuka meupe mabegani mwa watu, na hata hicho kichwa kitakachomuuma mama usiku wa kwanza.

Tuanze na jangwa. Picha hiyo tuliipata mwaka 1984, televisheni zilipoonyesha njaa ya Wollo na Tigray. Njaa ile ilikuwa ya kweli na iliua watu wengi mno. Ukame, vita na maamuzi ya watawala vilikutana mahali pamoja. Lakini picha ya mwaka mmoja imegeuka kuwa ramani ya nchi nzima vichwani mwa watu, na hilo ni kosa. Sehemu kubwa ya ardhi ya Afrika iliyo juu ya mita 3,000 iko Ethiopia. Milima hiyo inakinga upepo wenye unyevu, hewa inapanda, inapoa, inamwaga mvua. Masika yao makuu, wanayoyaita kiremt, hunyesha kuanzia Juni hadi Septemba, na yakikatika mashamba yanabaki ya kijani kwa wiki nyingi.

Hili mama atalielewa kuliko wengi, kwa sababu ameishi kando ya Ziwa Victoria. Maji ya ziwa lenu yanatokea Jinja kama Mto Nile, yanapita Sudan Kusini ambako mengi huishia juani kwenye vinamasi vya Sudd, kisha Khartoum yanakutana na Abbay, yaani Nile ya Bluu, mto unaotoka Ziwa Tana la Ethiopia. Zaidi ya nne kwa tano ya maji yanayofika Misri yanatoka kwenye milima ya Ethiopia. Nchi ya jangwa tupu isingeweza kuinywesha Misri. Jangwa lipo, ndiyo: bonde la Danakil, kaskazini mashariki, lililo zaidi ya mita 100 chini ya usawa wa bahari, penye chumvi, volkano na joto la kutisha. Ninyi hamna shughuli huko.

Mtafika kiangazi. Jua la mchana litakuwa kali na anga safi, halafu likizama tu baridi inaingia. Mama afungashe sweta mbili, soksi nzito na kofia. Wasafiri wetu hunicheka nikiwaambia habari za kofia, wakidhani Afrika ni Afrika.

Sasa kuhusu hewa. Ndugu yako aliyesema mama atakosa hewa amekosea kidogo na amepatia kidogo. Hewa ya mlimani ina oksijeni kwa kiwango kilekile, asilimia 21. Kinachopungua ni mgandamizo, kwa hiyo kila pumzi inaingiza hewa chache kuliko ya chini. Mwanza iko kama mita 1,140 juu ya usawa wa bahari, na tayari mnapata karibu asilimia 87 ya oksijeni anayoipata mtu wa Tanga kwa pumzi moja. Addis Ababa iko mita 2,355 hivi. Hapo ni robo tatu. Uwanda wa Sanetti katika milima ya Bale, wanakokaa hao wanyama wako, uko mita 4,000, na huko ni kama asilimia 61.

Mwili hauketi tu ukasubiri. Siku ya kwanza unapumua haraka zaidi na moyo unapiga mbio. Kupumua haraka kunatoa kaboni dayoksaidi nyingi, damu inakosa uwiano, na figo zinachukua siku kadhaa kuirekebisha kupitia mkojo. Ndiyo maana watu wakifika Addis wanakojoa mara kwa mara na wanashtuka usingizini. Ukiupa mwili siku hizo, unazoea. Ukiukimbiza, unapata ugonjwa wa mwinuko: kichwa, kichefuchefu, uchovu, kukosa hamu ya kula. Hayo ni ya kupumzika na kutopanda zaidi. Lakini mtu akianza kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa, au kuhema akiwa amekaa tu, hapo hakuna mjadala wala kusubiri asubuhi. Anateremshwa saa hiyohiyo, hata kama ni usiku, kisha anapelekwa hospitali.

Kwa mwenye presha kuna la ziada. Mwinuko huifanya mishipa ikaze, na presha hupanda kwa siku chache za mwanzo hata kwa mtu anayemeza dawa zake vizuri. Kama dawa za mama ni zile za kukojoa, hewa kavu ya milimani inaweza kumkausha maji mwilini. Kwa hiyo mpeleke hospitali ya Bugando au kwa daktari anayemtibu siku zote, mapema, angalau mwezi mmoja kabla. Msimwambie tu "tunasafiri Ethiopia". Mwambieni mtalala mita 2,700 na kufika mita 4,000 kwa saa chache. Aseme yeye kama moyo unaruhusu, kama dozi ibadilishwe, na kama kuna haja ya dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, ambayo haifai kwa kila mtu na haitakiwi kununuliwa kienyeji dukani. Beba mashine ya kupimia presha, umpime asubuhi na jioni, uandike. Na mama asiache dawa hata siku moja kwa kujisikia vizuri.

Kuna kipimo kingine ambacho wasafiri wa Kanda ya Ziwa wanakisahau, na kinakuhusu hata wewe: selimundu. Kwenu watu wengi wamebeba kinasaba kimoja cha ugonjwa huo bila kuumwa maisha yao yote. Mahali penye oksijeni chache, chembe zao nyekundu zinaweza kujikunja na kuziba mishipa ya wengu. Pimeni wote wawili. Mkiwa nacho, daktari aamue kuhusu Sanetti. Na mkiwa milimani, maumivu makali chini ya mbavu za kushoto ni ya kwenda hospitali, si ya kunywea chai ya tangawizi.

Nije Lalibela, na hapa sitakuficha. Makanisa yale 11 yalichongwa kwenda chini ndani ya mwamba mmoja na watu walioanza juu kwenye paa na kumalizia sakafuni. Huwezi kukosea jiwe ukalirudisha. Mapokeo yanayahusisha na mfalme Lalibela, aliyetawala mwishoni mwa karne ya 12 na mwanzoni mwa karne ya 13. Ni mahali pa ibada hai, wala si makumbusho, na usiku wa kuamkia Krismasi yao mahujaji wanajaa hata kwenye kingo za mashimo, wamejitanda shuka nyeupe, wakiimba hadi kunakucha. Ninaelewa kwa nini mama amelibeba jambo hili miaka yote.

Lakini Lalibela iko mkoa wa Amhara, na tangu Agosti 2023 kuna mapigano huko kati ya jeshi la serikali na wanamgambo wa Fano. Kuna wiki za utulivu, watu wanaruka kwa ndege na kurudi salama, kisha barabara inafungwa. Kijana mwenye mkoba mmoja anaweza kubahatisha. Mimi simbahatishi mama wa miaka 66 anayehitaji dawa kila siku, katika mji ambao nikikwama sitajua lini nitatoka. Mkinisikiliza, Lalibela mtaiweka akiba.

Na mama atasali Krismasi yake. Genna, Krismasi ya Waorthodoksi wa Ethiopia, huangukia tarehe 7 Januari, na ninyi mtakuwa bado huko. Ibada inaanza jioni ya tarehe 6 na kwenda usiku kucha katika makanisa ya Addis Ababa, kwa ngoma kubwa, njuga za chuma na fimbo ndefu ambazo waimbaji huegemea kwa kuwa ibada ni ya kusimama. Viatu vinavuliwa mlangoni. Wanawake husimama upande wao na kufunika kichwa. Mnunulie netela, ile shuka nyembamba nyeupe yenye upindo wa rangi, aivae kama wenzake. Kama akichoka saa nne za usiku, mrudishe hotelini alale, mrudi alfajiri. Ushirika Mtakatifu hawampi asiye Mwothodoksi, mwambie mapema asije akaona amekataliwa.

Halafu kuna kitu ambacho vitabu vingi vya watalii vinakipita haraka. Chini ya kilomita 70 kusini mwa Addis Ababa lipo kanisa la Adadi Mariam, nalo limechongwa ndani ya mwamba, chini ya usawa wa ardhi. Ni dogo, halina ile fahari ya Lalibela. Lakini mama ataingia kwenye mapito ya giza, ataweka kiganja ukutani na kuzisikia alama za patasi. Siku hiyohiyo, barabara ileile inawafikisha Melka Kunture, palipochimbuliwa zana za mawe za watu wa kale, na Tiya penye mawe marefu yaliyosimikwa juu ya makaburi na kuchorwa alama za panga. Yote ni siku moja ya gari bila kukimbizana.

Sasa mnyama wako, Mwalimu. Neno letu linakupoteza njia. Mbwamwitu kwa Kiswahili tunamwita yule mwenye mabaka wa Serengeti na Ruaha, anayewinda kwa kundi na kumkimbiza swala hadi achoke. Huyu wa Ethiopia ni mwingine kabisa: ni jamaa wa karibu wa mbwamwitu wa kijivu wa Ulaya na Asia, ambao mababu zake waliingia Afrika zamani za baridi kuu, wakabaki juu ya milima hali ya hewa ilipobadilika chini yao. Ana miguu mirefu, rangi ya kutu, kifua cheupe, na mdomo mwembamba kama wa mbweha. Kwa Kiamhari jina lake maana yake ni mbweha mwekundu, nami nitamwita hivyo. Waliokomaa hawafiki 500 duniani kote, na zaidi ya nusu wako milima ya Bale.

Anaishi kwa familia, na asubuhi na jioni familia huzunguka mipaka yao pamoja. Kuwinda, kila mmoja huwinda peke yake, na sababu iko ardhini. Chakula chake kikuu ni panya na fuko, na fuko mkubwa wa Bale, anayekaribia kilo nzima, hapatikani mahali pengine popote. Kwa windo la ukubwa huo wenzio hawakusaidii, wanakushtulia tu. Nimewahi kukaa ndani ya gari Sanetti asubuhi, umande umeganda kwenye nyasi, tukimtazama mmoja kwa nusu saa. Fuko alikuwa ametoa kichwa na mabega, anakata majani na kuyavuta shimoni. Ndege mdogo wa kahawia kasimama pembeni, maana fuko akichimbua anafukua wadudu. Mbweha alitembea kama mtu anayepita chumba chenye mtoto aliyelala. Anainua mguu mmoja, anauacha hewani, masikio mbele. Fuko akizama, anakaa chini kabisa na kungoja. Mara ya tatu aliruka, akatia mdomo hadi machoni ndani ya udongo, akatoka na pua yenye matope na hakuna kitu. Akajikung'uta, akaenda shimo lingine.

Wanafunzi wako waambie pia kinachomwua, kwa sababu ni somo zima la ikolojia. Ni kichaa cha mbwa. Wafugaji hupanda na mifugo yao na mbwa wao, mbwa mmoja mgonjwa anamng'ata mbweha mmoja, naye anarudi kwenye familia inayolambana na kulala pamoja. Milipuko ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 na ule wa 2003 iliangusha wengi sana Bale. Kwa hiyo chanjo ya mbwa wa vijijini ndiyo ulinzi mkubwa wa mnyama huyu. Msimtupie chakula, msitoke garini kumfuata. Januari ni wakati watoto waliozaliwa kati ya Oktoba na Desemba wanaanza kucheza nje ya mashimo. Dereva akitaka kuwasogeza hadi mlangoni pa shimo ili mpate picha, mkatalieni.

Bale yenyewe ni Hifadhi ya Taifa, na mwaka 2023 UNESCO iliiingiza kwenye Urithi wa Dunia. Makao yake yako Dinsho, kama mita 3,100, kwenye vichaka vya mreteni ambamo hutembea nyala wa milimani, jamaa wa tandala wetu, mwenye manyoya ya kahawia na pembe zilizojiviringa. Huhitaji kupanda popote kumwona. Anakula karibu na nyumba za hifadhi. Kisha iko Sanetti yenye mimea ya lobelia mirefu kuliko mtu, ndugu wa lobelia za Kilimanjaro na Mlima Kenya, na barabara inayofika hadi kilele cha Tullu Dimtu, mita 4,377. Upande wa kusini uwanda unakatika ghafla na unashuka kwenye msitu wa Harenna: ukungu, mianzi, mizinga ya nyuki juu ya miti, na mibuni inayojiotea yenyewe chini ya kivuli. Kwa saa moja ya gari mtakuwa mmepita tabaka za mimea ambazo darasani unazichora ubaoni.

Ningewapangia hivi. Siku mbili za kwanza Addis Ababa, bila kukimbia: Makumbusho ya Taifa kumwona, kwa nakala, Lucy, mifupa ya mtu wa kale sana ambaye wenyewe humwita Dinkinesh, na huko mama ajue kwamba nyayo za Laetoli, kule kwetu Ngorongoro, zinaaminika ni za watu wa jamii ileile. Pitieni Umoja wa Afrika muone sanamu ya Mwalimu Nyerere iliyozinduliwa Februari 2024. Siku ya tatu shukeni Hawassa, ziwa la Bonde la Ufa, karibu mita 1,700. Mama atapumua kama yuko nyumbani na asubuhi atawakuta wavuvi wakipara samaki ufukweni huku korongo wakigombea matumbo. Kutoka hapo pandeni Bale kupitia Shashemene na Dodola. Laleni Goba au Robe, siyo uwandani. Siku ya kwanza Dinsho tu. Ya pili, kama mama kaamka bila maumivu ya kichwa na presha iko sawa, pandeni Sanetti alfajiri na mshuke mchana. Kama hayuko sawa, abaki na nyala wa Dinsho na mtu wa kuaminika, wewe nenda. Tarehe 4 au 5 Januari mrudi Addis kwa ajili ya Adadi Mariam na Genna.

Njia hiyo kwa sehemu kubwa iko mkoa wa Oromia, ambao nao una vipande visivyo na usalama, hasa upande wa magharibi. Bale imekuwa na utulivu zaidi, lakini hali ya barabara inabadilika, na habari ya mwezi uliopita haitoshi. Muulizeni mwenyeji wa safari wiki hiyohiyo, pigeni simu ubalozi wetu Addis Ababa, na uulizieni ndege ya Robe. Mkiambiwa barabara moja siyo nzuri, msibembeleze.

Kuhusu chakula, mtafika katikati ya mfungo. Waorthodoksi hufunga kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi usiku wa Genna, hawali nyama, maziwa, siagi wala mayai. Muumini wa kawaida hufunga siku zipatazo 180 kwa mwaka ukijumlisha Jumatano na Ijumaa. Mtu asiyejua hili huingia mgahawani, anaagiza kuku, anaambiwa hakuna, na kurudi nyumbani akisimulia njaa. Agiza yetsom beyaynetu. Italetwa sinia moja: injera imetandazwa, juu yake vilima vya shiro, ambao ni mchuzi mzito wa unga wa dengu, adesi, kabichi, mbogamboga. Nyama mtaipata kwa Waislamu, ambao ni karibu theluthi moja ya nchi na Bale ni wengi, na kwenye hoteli nyingi.

Injera mama ataielewa ukimwambia ni chapati ya maji iliyochachushwa. Unga wa tefu, nafaka ndogo kuliko punje ya ulezi, unakorogwa na maji ya chachu ya jana, unakaa siku mbili au tatu, unamwagwa kwenye kikaango kipana na kufunikwa. Vile vitundu vya juu ni hewa ya chachu, na ndivyo vinavyofyonza mchuzi. Uchachu wake ni wa togwa. Pilipili ndiyo ya kuangalia. Kama tumbo la mama lina vidonda, aseme "alicha", mchuzi wa manjano usio na berbere, viungo vyao vya pilipili. Kitfo, nyama mbichi ya kusagwa, muiache, minyoo tegu si hadithi. Na mwenyeji akikunja tonge na kulileta mdomoni kwa mama, asirudi nyuma. Hiyo ni gursha, anamlisha kwa upendo. Afungue mdomo tu, hata kama tonge ni kubwa.

Kahawa itawachukua saa nzima, na msiikimbie. Nyasi mbichi hutandazwa sakafuni, ubani unafuka, buni zinakaangwa mbele yenu na kikaango kinapitishwa kila mtu anuse moshi, kisha zinatwangwa na kuchemshwa kwenye jebena, birika la udongo lenye shingo ndefu. Bisi huletwa pembeni. Wao huita kahawa buna; sisi tumebaki na buni kwa punje zake. Vikombe ni vitatu: abol, tona, na cha mwisho kinaitwa bereka, yaani baraka. Kuondoka baada ya kimoja ni kama kutoka kanisani kabla ya baraka. Ila kwa presha ya mama, cha pili na cha tatu ajaziwe nusu.

Kuhusu saa, ndugu zako wamekosea kabisa, kwa sababu hakuna mgeni anayeielewa saa ya Ethiopia kuliko sisi. Wanahesabu kama Waswahili: jua likichomoza ni saa kumi na mbili, saa moja baadaye ni saa moja asubuhi. Mzungu ndiye anayekosa basi. Hatari yenu ni Kiingereza: dereva akisema "two o'clock", huenda anamaanisha saa mbili asubuhi. Uliza "asubuhi au mchana?" kila mara. Ndege tu ndizo zinazofuata saa ya kimataifa. Kalenda yao ina miezi 13, kumi na miwili ya siku 30 na mmoja wa siku tano au sita; mwaka wao huanza tarehe 11 Septemba, au 12 kila baada ya miaka minne, na kwa mwezi Januari wako nyuma yetu kwa miaka minane. Tarehe 7 Januari kwao mara nyingi ni 29 Tahsas. Ukiona risiti imeandikwa hivyo haijakosewa.

Jambo moja la heshima. Kiamhari siyo lugha ya kila mtu. Nchi ina lugha zaidi ya 80. Addis semeni "selam" na "ameseginalehu", asante. Bale ni kwa Waoromo, ndugu wa Waborana wa kaskazini mwa Kenya. Huko semeni "akkam" na "galatoomaa", na mtaona nyuso zinavyofunguka. Piga picha ya mtu baada ya kumwomba. Ziara za Bonde la Omo za kupiga picha akina mama wenye visahani midomoni kwa malipo mimi siziuzi na sikushauri.

Mwisho ni makaratasi na mbu. Chanjo ya homa ya manjano chomeni angalau siku kumi kabla, maana kadi yake haitambuliki kabla ya hapo, na mtaionyesha tena mkirudi nyumbani. Taratibu za viza hubadilika, zithibitishe kwa idara ya uhamiaji ya Ethiopia yenyewe. Addis na Bale ya juu hazina malaria, Hawassa ipo. Huko aina ya vivax ni ya kawaida kuliko kwetu, nayo hujificha kwenye ini na kuamka wiki au miezi baadaye. Mmoja wenu akipata homa hata mwezi Machi, amwambie daktari, "Nilikuwa Ethiopia."

Ukishamaliza, niandikie mambo matatu: presha ya mama ya wiki mbili, majibu ya selimundu ya wote wawili, na jibu lake mwenyewe kuhusu Adadi Mariam na Genna ya Addis badala ya Lalibela. Muulize akiwa ametulia, na usimjibie.